Gari limegongwa mara tatu: je, nidai bima kama ajali moja?

Swali

Ndugu mshauri,

Niko Bamburi, Mombasa, naendesha Toyota Fielder yenye bima ya komprehensivu, ile inayolipia hata gari langu mwenyewe. Mwaka huu mikwaruzo imeniandama.

Januari nilikuwa narudi nyuma nyumbani nikaparuza kona ya bampa la nyuma kwenye nguzo ya geti. Machi, karibu na soko la Kongowea, tuktuk ikanivaa ubavuni ikabonyeza mlango wa nyuma wa kushoto na fenda yake. Dereva alikiri kosa mbele ya askari, tukaandikisha kituoni, nikapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Aliahidi kulipa, mpaka leo ni kesho na kesho kutwa. Sasa Jumanne ya wiki iliyopita, kwenye foleni ya daraja la Nyali, nimemwingia mtu wa pikapu kwa nyuma. Chuma chake cha kuvutia trela kimenivunjia bampa la mbele, grili na taa ya kushoto. Yeye taa yake ya nyuma imepasuka na anataka 9,000. Hakuna aliyeumia popote. Hii ya pikapu pia iko kwenye OB, lakini kampuni ya bima sijaiambia kitu.

Fundi amenipigia hesabu: nyuma 14,000, ubavuni 38,000, mbele 96,000. Jumla 148,000. Hati yangu ya bima inasema gari ni la 1,200,000. Eksesi, yaani sehemu ninayojilipia mwenyewe kwenye kila dai, ni asilimia 2.5 ya thamani, isishuke chini ya 15,000. Kwa mali ya mtu mwingine ni 7,500. Ajali iripotiwe ndani ya siku 14. Fundi anasema nisihangaike na madai matatu. Niandike kwamba Jumanne tuktuk ilinigonga nikasukumwa hadi kwenye pikapu, yote yaingie dai moja, na eksesi iwe moja. Bima inaisha mwisho wa mwezi ujao. Ajenti wangu ni jirani, naona haya kumpelekea maneno yote haya. Nifanyeje?

Dada wa Bamburi

Jibu

Dada, kabla ya lolote lingine, ripoti ajali ya pikapu leo. Siku 14 zinahesabiwa tangu siku ya ajali. Hazingoji upate abstrakti, ule muhtasari wa ajali unaotolewa na polisi, wala fundi amalize hesabu zake. Kuchelewa ndiko kunakoipa kampuni sababu rahisi ya kukataa dai ambalo kwa mengine yote ni halali.

Mpigie ajenti, lakini usiishie kwake. Tuma baruapepe kwa idara ya madai ya kampuni yenyewe na nakala kwa ajenti, ili tarehe ibaki kwenye maandishi. Taja nambari ya hati ya bima, nambari ya gari, siku, saa, mahali, aliyekuwa usukani, nambari ya pikapu, kituo cha polisi na nambari ya OB, kisha sentensi mbili tatu za yaliyotokea bila kupamba. Ambatisha picha za gari zima kutoka pembe nne, za karibu penye uharibifu, na ya nyuma ya ile pikapu kama ulipiga.

Wala usimwonee haya jirani yako. Kuripoti si kudai. Mwenye bima anaruhusiwa kutoa taarifa ya ajali na kuandika wazi kwamba ni kwa kujulisha tu, kisha akaamua baadaye kama atadai. Katika baruapepe hiyo hiyo taja na ajali ya Machi na ile ya Januari. Siku zake za kudai zimepita, ni kweli, lakini ni bora kampuni izisikie kutoka kwako kuliko mkaguzi azione mwenyewe akiwa anaandika ripoti ya pikapu.

Sasa tuje kwenye mpango wa fundi, na tuupime kwa shilingi, maana hapo ndipo anapokuvutia. Asilimia 2.5 ya 1,200,000 ni 30,000. Hiyo ndiyo eksesi yako. Kwa dai lake moja la uongo, 148,000 ukitoa 30,000 unapata 118,000. Kwa njia ya haki, mbele ni 96,000, ukitoa 30,000 bima inalipa 66,000. Ubavu wa 38,000 unalipwa na mwenye tuktuk, wote, bila eksesi yoyote, kwa sababu kosa ni la dereva wake. Jumla 104,000. Tofauti ya njia hizo mbili ni 14,000, yaani lile bampa la nyuma peke yake. Hicho ndicho unachoambiwa uhatarishe bima nzima kwa ajili yake.

Na hatari si ya kubahatisha. Mkaguzi wa bima, huyu wanayemwita asesa, haanzi na karatasi, anaanza na gari. Chuma kilichobanduka rangi hapa pwani hakikawii kuota kutu. Mlango uliobonyezwa Machi utakuwa na utando wa kahawia kwenye mkunjo na vumbi lililoshikana ndani ya ufa, ilhali plastiki ya bampa la mbele iliyopasuka juzi mpasuko wake bado ni safi. Gari lililosukumwa kutoka nyuma kwa nguvu ya kulifikisha kwenye gari la mbele huumia katikati ya bampa la nyuma, na mara nyingi mlango wa buti hukataa kufunga sawasawa. Lako lina mparuzo wa kona uliokwenda pembeni, wenye chembe za saruji au rangi ya geti. Tuktuk nayo imeacha alama ubavuni, si nyuma. Halafu kuna OB ya Machi, yenye jina lako na nambari ya tuktuk hiyo hiyo. Hakuna maelezo utakayoandika yakafuta ukurasa huo.

Ikigundulika, kampuni haikatai tu sehemu ya uongo. Taarifa ya uongo ndani ya dai inaipa nafasi ya kukataa dai lote, pamoja na zile 66,000 zilizo haki yako, na kuivunja bima. Zaidi ya hapo, kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, na adhabu yake inafika miaka mitatu. Mamlaka inayosimamia bima, IRA, ina kitengo chenye maafisa wa upelelezi kinachoshughulikia ulaghai wa namna hii. Sahihi kwenye fomu ya madai itakuwa yako. Ya fundi haimo.

Eksesi moja kwa migongano miwili ipo kihalali, ila ni pale yote ni tukio moja: gari la nyuma limekugonga, nawe papo hapo ukasukumwa ukamgonga wa mbele. Nguzo ya Januari, tuktuk ya Machi na pikapu ya juzi ni matukio matatu, na kila moja lina eksesi yake.

Nguzo tuimalize haraka. Uharibifu wa 14,000 chini ya eksesi ya 30,000 haulipwi hata senti, kwa hiyo hata ungeripoti siku ile ile usingepata kitu. Tengeneza kwa fedha zako. Hakikisha fundi amelifungua bampa akaangalia vibanio vya pembeni, kwa sababu vikivunjika bampa hulegea baada ya rangi. Na apake praima ya plastiki kabla ya rangi. Rangi iliyopigwa juu ya plastiki bila praima yake hubanduka vipande vipande ndani ya miezi, na hapo utakuwa umelipa mara mbili.

Tuktuk inataka subira na makaratasi, lakini fedha zipo. Hata kama siku za kuripoti zingekuwa hazijapita, kuidai kwa bima yako kungekupa 8,000 tu baada ya eksesi, na kungeacha dai la pili kwenye rekodi yako kwa kosa la mtu mwingine. Nenda kituo kilekile ulikoandikisha Machi, ukiwa na nambari ya OB, uombe abstrakti. Itaonyesha nambari ya tuktuk, dereva, mmiliki, kampuni ya bima na nambari ya cheti. Cheti hicho kitazame tarehe zake kwa makini. Tuktuk nyingi hukatiwa thadi pati, yaani bima ya kulipia hasara za watu wengine tu, ya mwezi mmoja mmoja, kwa hiyo kinachotakikana ni cheti kilichokuwa hai siku ile ya Machi, si hiki kilichobandikwa leo. Vyeti vya magari nchini sasa ni vya kidijitali, na uhalali wake unaweza kuthibitishwa kupitia mfumo wa DMVIC wa chama cha kampuni za bima. Jina la mmiliki lihakikishe kwa rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa sababu aliyekuwa usukani mara nyingi siye mwenye chombo, na wewe utawadai wote wawili.

Kisha mwombe mkaguzi wa magari anayejitegemea akuandikie ripoti ya ubavu peke yake kabla haujaguswa. Ni gharama, ndiyo, na utaidai pamoja na ile 38,000. Makadirio ya fundi kwenye kikaratasi hupingwa kirahisi. Ripoti yenye picha, vipimo na bei za kazi na vipuri ni vigumu kuipinga. Ukishaipata, mwandikie mmiliki barua ya madai, nakala kwa kampuni yake ya bima. Eleza siku, mahali na nambari ya OB, taja kiasi, ambatisha abstrakti na ripoti, umpe siku 14 za kulipa. Peleka kwa njia yenye ushahidi wa kupokelewa.

Akinyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, uharibifu wa mali ukiwemo. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Unamshtaki mmiliki na dereva, si kampuni yao ya bima. Wao ndio watakaoikimbilia kampuni yao. Na ikibainika cheti hakikuwa hai siku ile, deni halijafutika, bado ni la mmiliki. Muda wa kisheria wa madai kama haya ni miaka mitatu, ila usiungoje: mashahidi husahau na tuktuk huuzwa.

Dereva akija na fedha mkononi, pokea kwa M-Pesa na muandikishane. Kama ni malipo ya sehemu, maandishi yaseme ni ya sehemu. Usitie sahihi kwamba huna madai zaidi kabla mlango haujafunguliwa, kwani nyuma ya bati lililobonyea kuna reli ya kioo na kufuli, na hivyo havionekani kwa nje.

Pikapu ndiyo dai lako halisi la bima, na hapa kuna mtego mmoja: usimlipe yule bwana 9,000 zake bado. Karibu hati zote za bima zinamkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo bila ruhusa ya kampuni. Kwa uharibifu wake, eksesi yako ni 7,500, kwa hiyo bima ingemlipia 1,500 tu, na pengine wewe mwenyewe ungeona bora umalize. Sawa, lakini iombe idara ya madai ikupe ruhusa hiyo kwa maandishi kwanza. Ikikubali, lipa kwa M-Pesa, naye aandike jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya pikapu, tarehe ya ajali, na kwamba amelipwa kikamilifu kwa uharibifu wa taa.

Kuna sababu nzito zaidi ya kuripoti hata ajali unayoiona ndogo. Mtu aliyeshuka akasema hajaumia anaweza kuja baada ya miezi na barua ya wakili akidai shingo. Kama kampuni yako ilipewa taarifa mapema, ina pa kuanzia kukutetea. Kama haikuwahi kusikia jina lake, itauliza kwa nini.

Kwa upande wa gari lako, utajaza fomu ya madai na kupeleka abstrakti, nakala ya leseni ya aliyeendesha (iwe ilikuwa hai siku ile), logibuku (hati ya umiliki wa gari), kitambulisho, PIN ya KRA (nambari yako ya kodi), na makadirio ya gereji. Fomu izungumzie mbele tu. Penye swali la uharibifu mwingine uliopo kwenye gari, andika mlango na fenda ya Machi, na bampa la nyuma la Januari, kwamba havimo katika dai hili. Sentensi hiyo moja inamfanya mkaguzi amwamini mwenye gari kwa mengine yote.

Gari lisifunguliwe kabla mkaguzi hajaliona. Fielder iliyogongwa na chuma cha trela huficha mengi nyuma ya bampa: boriti ya kuzuia mshindo, kondensa ya AC, vishikio vya taa, na fremu inayobeba rejeta. Ukiona maji yakidondoka au sindano ya joto ikipanda, usiliendeshe. Injini iliyoungua kwa sababu uliendelea kuliendesha na rejeta imetoboka haitaingia kwenye dai. Gereji ikishafungua na kukuta zaidi ya yaliyoandikwa, isimamishe kazi na kumwita mkaguzi aandike nyongeza. Gereji ikitengeneza kwanza na kuomba baadaye, bili ya ziada huishia kwako, na hili ndilo gombano la kila siku kati ya wateja na mafundi.

Uliza mapema vipuri vitakuwa vya aina gani: vipya vya Toyota, vya kuigiza, au vilivyotumika kutoka Japani. Jibu liwe kwenye ripoti, si mdomoni. Kwa gari lenye umri, kampuni nyingine hukutoza mchango pale kipuri kipya kinapoliboresha gari kuliko lilivyokuwa. Taa ya kushoto italipwa moja tu. Ya kulia kama imefifia na kuwa ya manjano, isugulishe kwa gharama yako siku hiyo hiyo, la sivyo usiku utaona tofauti.

Kama utatengeneza ubavu kwenye gereji hiyo hiyo, na ni busara kwa ajili ya kulinganisha rangi, ziwe kazi mbili: bili mbili, kadi mbili za kazi, risiti mbili. Risiti moja ikichanganya mlango na bampa la mbele itakuharibia dai la bima na kesi ya tuktuk kwa mpigo.

Eksesi ya 30,000 kwa kawaida utaombwa kabla ya barua ya kutoa gari gereji. Usitie sahihi ya kuridhika mpaka ufanye haya: litazame juani, si chini ya paa, maana kivulini rangi tofauti hujificha, pitisha kidole kwenye nafasi kati ya boneti, fenda na bampa uone kama zinalingana pande zote, washa taa zote ukielekea ukutani, washa AC na kuiacha ifanye kazi, kisha liendeshe kidogo na uliegeshe uone kama linadondosha maji ya rejeta.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na kifungu cha hati kilichotumika. Ukiona umekataliwa bila haki, lalamika kwa kampuni yenyewe, kisha IRA, ukiambatisha ile baruapepe ya siku uliyoripoti.

Kuhusu mwezi ujao: tarajia bei kupanda, na fanya hesabu yake mapema. Tuseme kampuni walikuwa wanakutoza asilimia 4 ya thamani ya gari, yaani 48,000, na sasa wanataka 5, yaani 60,000. Nyongeza ni 12,000 kwa mwaka. Hata ikidumu miaka mitatu ni 36,000, chini ya 66,000 ulizolipwa, kwa hiyo dai la pikapu linafaa kufanywa. Dai la tuktuk la 8,000 lisingefaa. Hesabu hiyo ndogo ifanye kila mara kabla ya kudai, na kama hati yako ina punguzo la kutodai, yaani la bei kwa asiyedai, liingize ndani.

Unaweza kuhamia kampuni nyingine, lakini fomu yake itauliza ajali za miaka iliyopita, na jibu ni zote tatu, zilizodaiwa na zisizodaiwa. Uliza pia bei ya kinga ya eksesi, nyongeza inayokuondolea eksesi siku ya kudai, ambayo mara nyingi ni robo asilimia ya thamani ya gari na ina kima cha chini. Kwako robo hiyo ni kama 3,000 dhidi ya eksesi ya 30,000, ila soma kama inafanya kazi mara moja tu kwa mwaka. Na lithaminishe gari upya likishatengenezwa, si kabla. Likithaminiwa na mlango uliobonyea, picha hizo ndizo zitakazotolewa siku utakapodai tena. Na thamani ikiandikwa chini ya bei ya soko ili malipo yapungue, kampuni inaweza kukulipa kwa uwiano huo huo. Gari la 1,200,000 lililoandikwa 900,000 limekatiwa bima robo tatu, na dai la 96,000 huhesabiwa kama 72,000 kabla hata ya kutoa eksesi.